Kitabu cha Sita cha Etom

Lodwar, ng'ambo ya mto Kawalase
6 Mei 2024

Nyakim, ejok.

Barua yako imeletwa na dereva wa gari la mboga, pamoja na vile vitabu vitano vya katuni. Mimi ni Nakaale, nyanya yake Ewoi, yeye huniita Ata. Sikusoma hata siku moja, kwa hiyo anayeshika kalamu ni jirani yangu Namuria, mshonaji. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake mafuta.

Unauliza Ewoi yuko wapi. Unasema nyinyi wawili ndio mnaotengeneza katuni hizi huko Kakuma, yeye anatunga, wewe unachora. Unasema aliondoka mwezi wa pili kwenda Lokori, mbuzi wa mjomba wake walikuwa wameibwa, akakuahidi kurudi baada ya wiki mbili na maneno ya kitabu cha sita, ambacho ndicho cha mwisho. Tangu hapo simu yake imezimwa, na watu wanakusimamisha njiani kila siku wakitaka kujua Etom anamalizaje.

Ewoi yuko hapa kwangu. Ana malaria. Malaria mbaya, ya kufunga mdomo. Usimngoje.

Namuria amenisomea vitabu vyote vitano, siku mbili nzima cherehani imenyamaza. Mkono wako ni mzuri. Yule mbuzi uliyemchora kwenye kitabu cha pili, anayekula gunia, namjua yule mbuzi. Lakini huyo Etom wenu, mtu mwenye nguvu za ndovu, risasi zinamgonga zinaanguka chini kama maharagwe, huyo simwelewi. Kitabu cha kwanza ameua watatu. Cha tatu nilimwambia Namuria aache kuhesabu. Cha tano anaapa hatamwacha mtu amesimama kule mlimani. Haya. Akishaua, analala wapi? Nani anampa maji? Kwetu mtu aliyeua haingii boma la mama yake hivi hivi akaketi akapewa chai. Anakaa nje ya ua mpaka achinjiwe mbuzi, apakwe yale majani ya tumboni mwa mbuzi, na wazee wamchanje alama begani. Akiingia kabla ya hapo, watoto wa boma wanaugua. Etom wenu akishaua anaruka juu angani, kitabu kimeisha.

Nimechoka na bunduki, mwanangu. Nimezika wanaume wanne wa nyumba hii na hakuna hata mmoja aliyeruka. Andikeni mwisho mwingine au msiandike kabisa.

Unakula nini huko? Usinidanganye.

Nakaale
(alama ya kidole gumba)


Kakuma
11 Mei 2024

Nyanya Nakaale, ejok-noi.

Pole sana kwa kuuguza. Nimempa dereva dawa na machungwa manne, mwambie Ewoi mawili ni ya kwako asije akayala yote. Nakula mtama na dengu kama kila mtu kambini, na ukiniuliza mwezi ujao nitakujibu hivyo hivyo.

Nyanya, siwezi kutoandika. Deng kinyozi na wateja wake wamegawanyika, nusu wanasema Etom ataua arobaini, nusu sitini, na wananiita kutoka ng'ambo ya barabara kuniuliza. Mama Céline, yule Mkongomani mwenye mashine ya kutoa nakala, ameshatenga karatasi. Analalamika kitu kimoja tu, kwamba wino wake unaisha upesi kwa sababu ya damu. Damu yetu ni nyeusi, unajua, mashine haina rangi nyingine.

Basi nimeanza bila Ewoi. Nimechora alivyonisimulia kabla hajaondoka: Etom anapanda mlima, anamaliza wote, ukurasa baada ya ukurasa. Lakini maneno yako yameniingia. Kwa hiyo mwishoni sikumrusha angani. Nimemleta nyumbani, ameketi nje ya ua, mgongo umetuelekea, na alama zake zimechanjwa. Nimewaona wazee sokoni kwa mifugo wakiwa nazo, vipele vidogo vya mistari. Nimemwekea safu tatu kwenye bega la kushoto.

Nakutumia huo ukurasa, ni penseli tu. Mwonyeshe Ewoi. Akicheka, nitajua amepona.

Wako,
Nyakim


Lodwar
15 Mei 2024

Nyakim.

Nani amekuambia?

Umeona sikukusalimu. Ni nani, mmoja wa wale vijana wa Lokori wanaokuja huko kuuza mbuzi? Nitajie jina nimwendee mama yake.

Bega la kulia ni la aliyeua mwanamume. Bega la kushoto ni la aliyeua mwanamke. Hapa kila mtu anajua hilo, hata mtoto anayechunga. Na wewe umekaa na penseli yako, ukaweka safu tatu kwenye bega la kushoto, halafu unaniambia nimwonyeshe, akicheka amepona.

Nilimwonyesha. Niliipeleka karatasi kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa macho yangu haya hafifu nilikuwa sijaangalia ni bega lipi. Aliitazama mpaka uji ukapoa. Akashika bega lake la kushoto, ambalo halina kitu, akalishika kama mtu aliyechomwa. Hajala tangu juzi.

Hana malaria. Wewe unajua hana malaria, ndiyo maana ukatuma machungwa na mzaha. Na nakuambia hakujua ni mwanamke. Walikuwa wanafuata nyayo za mbuzi, jua halijatoka, mtu akainuka ghafla kwenye matete penye maji. Bunduki haikuwa hata yake. Mjomba wake alikuwepo, anasema hivyo, na mimi nasema hivyo.

Ukitaka kumuua mjukuu wangu kwa penseli, njoo umuulie hapa nikiwa natazama.

Namuria ameweka kalamu chini mara mbili. Nimemwambia aichukue.

Nakaale
(alama ya kidole gumba)


Kakuma
20 Mei 2024

Nyanya,

Hakuna aliyeniambia. Umeniambia wewe.

Mimi ni Mnuer. Kwetu wavulana walichanjwa kwenye paji la uso wakiwa wanaingia utu uzima, mistari sita, na haisemi habari ya kuua mtu. Nilidhani na ya kwenu ni alama tu ya ukubwa. Niliweka kushoto kwa sababu bega la kulia la Etom lilikuwa limefunikwa na mkuki. Mkuki ulikuwa umeshachorwa, sikutaka kuufuta. Ni hilo tu.

Sasa nikuambie na mimi kitu ambacho Ewoi hakijui, ingawa tumekaa meza moja miaka miwili. Mama yangu alipigwa risasi akitoka kuokota kuni. Nilikuwa na miaka minane, nilikuwa nyuma yake na mzigo wangu mdogo. Aliyempiga alikuwa kijana, amevaa viatu vya shule. Nilijificha chini ya kuni nikaviona viatu vinapita. Na nadhani yeye pia alikwenda kwa nyanya yake, na nyanya yake akasema hakujua ni mwanamke.

Sitamaliza kitabu. Vifaa vyangu nimempa Mama Céline aviweke. Usiniandikie tena.

Nyakim


Lodwar
27 Mei 2024

Nyakim, ejok.

Umesema nisikuandikie. Mimi sijui kusoma, hilo sikuliona.

Nilirusha jiwe gizani likakupata wewe. Nimekosa. Sina namna nyingine ya kulisema, na Namuria anataka kuongeza maneno mazuri hapa, nimemkataza.

Nimekaa na mama yako siku tano. Nikikoroga chungu yuko, nikifunga mbuzi yuko na kuni zake. Na wewe uko nyuma yake. Sikuombi umsamehe Ewoi. Siwezi kuomba kitu ambacho mimi mwenyewe sijampa. Nampelekea chakula, hiyo ni kazi ya tumbo, ni kitu kingine.

Acha nikuambie yote, kwa sababu nusu ya habari ndiyo iliyotufikisha hapa. Alirudi mwezi wa tatu, akakaa nje ya ua, kwenye turubai. Sikushangaa, ndiyo desturi. Baada ya wiki moja akaja mjomba wake Longor na wanaume wawili, wana mbuzi dume mweusi, wana wembe, na wanakuja wakiimba. Wamchinjie, wampake, wamchanje bega la kushoto, aingie ndani akiwa mtu mkubwa. Ewoi akakataa kutoa bega. Longor akamwambia alama si adhabu, ni sifa, hata kwa mwanamke ni sifa, adui ni adui. Ewoi akasema, "Ndiyo maana siitaki." Basi wakamwacha. Wakamwacha na mbuzi pia, yuko hapa anakula nguo za Namuria. Sasa ni zaidi ya miezi miwili mjukuu wangu hayuko nje na hayuko ndani. Watoto wa jirani wanapita mbali. Ananyong'onyea kama ngozi iliyosahauliwa juani, na mimi nimeshindwa hata kumtukana.

Barua yako tulimsomea juzi. Namuria alisimama upande wa ndani wa ua wa miiba, Ewoi upande wa nje. Pale kwenye viatu vya shule Namuria alishindwa kuendelea, akakohoa, akarudia. Nikasema nimemuua kabisa sasa. Nikarudi kwenye moto. Kisha nikasikia sauti yake, na sauti yenyewe ilikuwa na kutu.

"Ata," akasema, "nyinyi wote mnaniambia nilivyofanya. Hakuna aliyeniuliza. Mwambie yeye aniulize."

Nimefikisha. Uulize au usiulize. Usipouliza bado wewe ni mtoto wangu, kuna unga na samaki mkavu kwenye gunia hili, na usimgawie Deng kinyozi.

Nakaale
(alama ya kidole gumba)


Kakuma
3 Juni 2024

Ewoi,

Nakuuliza. Alikuwa amebeba nini? Alivaa nini? Alisema neno? Jina lake ni nani? Na ulijua ni mwanamke kabla, au baada?

Usinijibu kwa sauti ya Etom. Nikiisikia nitachoma karatasi.

Nyakim


Lodwar
8 Juni 2024

Nyakim,

Alikuwa na mtungi wa manjano wa lita ishirini, kichwani. Kifuniko kilikuwa kimepotea, ameziba kwa nailoni. Shuka ya bluu yenye mraba, sweta ya mtoto wa shule, kijani, imepasuka kiwiko. Alikuwa mwembamba, mrefu. Jina lake silijui.

Alisema, "Ngoja." Alisema kwa Kiswahili. Aliona mimi si wa kwao, akatafuta neno nitakaloelewa.

Niliona. Mjomba anasema hakukuwa na mwanga. Mwanga ulikuwepo, niliona kiwiko kimetokeza kwenye sweta, kwa hiyo niliona kila kitu. Ata ananilindia uongo huo tangu mwezi wa tatu na sijawahi kumwambia. Namuria atamsomea barua hii, ndivyo atakavyojua.

Usiniulize kwa nini. Nikijibu nitakuwa natunga, na unajua naweza kutunga. Nikuambie tu kwamba Etom sikumfikiria hata kidogo. Miaka miwili nimelala naye kichwani, na pale hakuwepo. Nilikuwa nimetembea usiku mzima, nilikuwa na kiu, binamu zangu walikuwa nyuma yangu wakinitazama.

Maneno ya kitabu cha sita sina.

Ewoi


Kakuma
1 Julai 2024

Nyanya Nakaale, ejok-noi.

Najua Namuria alikusomea. Najua pia kwa nini hujaandika wiki tatu. Sikuharakishi.

Nilikwenda kwa Mama Céline nikachukua vifaa vyangu. Hakuniuliza kitu, alisogeza tu karatasi zake nipate mahali pa kukaa. Nimemaliza kitabu cha sita, nakala tatu ziko kwenye mfuko huu. Kina kurasa nane. Zote ni za yule mwanamke. Anaamka, anafunga shuka, anatafuta kifuniko cha mtungi chini ya kitanda, hakipati, anachana nailoni. Anamfunika mtoto kwa sweta kisha anabadili nia anaivaa yeye, kuna baridi. Hayo nimeyabuni, sikuwa na mtu wa kumuuliza. Anatembea kurasa tatu nzima. Etom yuko ukurasa wa nane tu, mdogo, anatoka kwenye matete, na hana alama bega lolote. Sikuweka maneno. Lile moja alilosema ni lake, sikuona haki ya kuliandika.

Watu wamekasirika. Deng alinirudishia nakala yake mbele ya wateja, akasema wamengoja miezi mitano niwaonyeshe mtu anateka maji. Mmoja akauliza Etom yuko wapi, mwingine akamwambia yuko ukurasa wa mwisho, akauliza sasa anafanya nini hapo. Wanawake wawili wa foleni ya maji wamechukua nakala na hawajarudisha. Mama Céline anasema ni mara ya kwanza wino umebaki.

Sijamsamehe Ewoi. Usiniandikie kwamba Mungu husamehe, kanisani nimeshaambiwa. Nimechora tu.

Ule unga umeisha. Deng alikula kidogo.

Nyakim


Lodwar
29 Julai 2024

Nyakim mwanangu, ejok.

Nilikaa na ile barua ya Ewoi kama mtu aliyemeza mfupa. Siku nne sikumpelekea chakula, alipelekewa na Namuria. Siku ya tano nikamwendea nikamwambia hivi, mimi niliwadanganya watu kwa ajili yako nikiwa sijui ukweli, wewe uliniacha nikidanganya ukiwa unajua. Kisha nikampa uji, maana ningefanya nini.

Kitabu chako kilipofika nilikichukua nikaketi nacho peke yangu mlangoni. Nilikielewa chote. Ewoi nilimpa nakala yake asubuhi ile, na jioni akauliza chifu yuko ofisini siku gani, anataka kujitaja.

Longor alikuja akafoka, kwamba tunauza ukoo kwa adui. Nikamwambia mbuzi wake amchukue. Hakumchukua.

Tulikwenda kwao yule mwanamke wiki iliyopita na gari la kamati ya amani, chifu, askari wawili, Ewoi na mimi. Saa nyingi, mgongo wangu hadi leo haujarudi. Walituketisha kwenye darasa la shule yao, watoto wamerudishwa nyumbani, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Upande ule walikuwa watu ishirini. Nilimjua mama wa marehemu kabla hajaonyeshwa. Ni wa rika langu, na alikuwa amechoka kama mimi nilivyochoka.

Chifu alianza maneno marefu ya undugu. Ewoi akasimama kabla hajamaliza, akasema, "Ni mimi. Niliona ni mwanamke. Alisema ngoja." Kaka wa marehemu akaruka madawati mawili, wakamkamata wanaume watatu, akalia huku wamemshika. Ewoi hakurudi nyuma. Nilitaka kumfunika, Nyakim, nakuambia ukweli, miguu yangu iliinuka yenyewe. Nikaikalisha.

Kisha Ewoi akatoa kitabu akakiweka kwenye dawati la yule mama. Nilimkataza njiani, nikamwambia huwezi kumpelekea mtu katuni ya mtoto wake. Hakunisikia, na labda mimi ndiye niliyekosa.

Mama alikigeuza ukurasa mmoja mmoja, kwa kidole kilicholowa. Alikaa sana kwenye ule wa sweta. Halafu akaanza kusema kwa lugha yao, polepole, mwanamke kijana akawa anatutafsiria kwa Kiswahili.

Alisema huyu si yeye. Alisema binti yake alikuwa mfupi, na mnene kidogo baada ya mtoto wa pili. Hakubeba maji kichwani, aliwahi kuanguka shingo ikaumia, alibeba mgongoni kwa kamba. Ewoi akasema alimwona na mtungi kichwani. Mama akamwambia, "Ulimwona vibaya." Sweta ni kweli. Hakuwa na kitanda, walilala chini. Na asubuhi hakuwahi kukaa kimya hivi, alikuwa akiimba ovyo mpaka wakamwambia anyamaze. Kaka yake akasema kutoka pale alipokuwa ameshikwa kwamba sikio la kushoto lilikuwa limekatika ncha, alizaliwa nalo.

Chifu akauliza kwa heshima kama tunaweza kujua jina lake. Mama akafunga kitabu. Akasema hapana, hatujafika hapo.

Askari walimchukua Ewoi kutoka hukohuko, alipanda gari mwenyewe. Yuko mahabusu hapa Lodwar, kesi imetajwa mara moja, itatajwa tena mwezi ujao. Namwona Alhamisi. Anakula. Turubai nimelikunja. Mbuzi bado yuko, hakuna aliyemchinja na sijui ni nani mwenye haki ya kumchinja sasa.

Sikuandikii ili unisifie mtoto. Nakuandikia kwa sababu yule mama, tukiwa tunaondoka, alinifuata mpaka kwenye gari, hakunipa mkono, akanirudishia kitabu. Akasema mchoraji arekebishe, kisha kiletwe tena.

Basi chora upya, mwanangu, ukipata nguvu. Mfupi, mnene kidogo, mtungi mgongoni, sikio la kushoto. Mdomo wazi, anaimba. Mahali pa jina acha wazi.

Nakaale
(alama ya kidole gumba)